Majengo ya kale ya Tabora: Sheria inayalinda, mvua inayala

Malori yanayotoka Itigi kwenda Tabora siku hizi hupita Kigwa bila kupunguza mwendo, ila pale penye matuta. Lami imeondoa vumbi na matope, lakini imeondoa pia sababu ya kusimama. Dereva ambaye zamani alikuwa akilala njiani wakati wa mvua sasa anaingia mjini siku hiyo hiyo. Kwa mnunuzi wa tumbaku, karanga au asali hiyo ni nafuu ya gharama. Kwa Kigwa ni hesabu nyingine kabisa, maana gari lisilosimama halinunui hata muhogo wa kuchoma.

Karne moja na nusu iliyopita, kusimama ndiko kulikokuwa biashara yenyewe. Kigwa ilikuwa mojawapo ya vituo vya misafara iliyotoka pwani, baada ya Tura na Rubuga, mwendo wa siku mbili kwa miguu kabla ya kufika Unyanyembe. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, wakaingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley naye alipita mwaka 1871. Msafara wa mamia ya watu ulihitaji maji, chakula na mahali pa kutua mizigo. Nafaka ililipiwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa waya. Wakuu wa maeneo walitoza hongo. Wapagazi wa Kinyamwezi walijadiliana ujira wao na kuulipwa kwa bidhaa. Na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, nao wakihesabiwa kama mali.

Leo njia hiyo ina jina kubwa. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayokusudiwa kuombewa hadhi ya urithi wa dunia, ikiwa ni njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, yenye urefu wa kilometa 1,200 hivi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ieleweke kwamba orodha ya awali ni kusudio tu. Haileti fedha, haileti fundi, wala haizuii paa kuvuja.

Hapo ndipo suala lenyewe linapoanza. Kila inapozungumzwa habari ya majengo na maeneo ya kale, iwe ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo au Tabora, mazungumzo huwa juu ya sheria: nani amevunja, nani ameuza, nani aadhibiwe. Ni mara chache sana kuulizwa swali ambalo mfanyabiashara yeyote huuliza kwanza juu ya mali yake: nani analipa gharama ya kuitunza, na fedha hizo zinatoka wapi?

SHERIA NA MIPAKA YAKE

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kwa ufupi, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa na sheria yenyewe kwa sababu ya umri wake. Mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya mwaka 1940 nao unalindwa, na hauwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Majengo yaliyojengwa baada ya mwaka 1863 hupata ulinzi pale Waziri mwenye dhamana anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali.

Kwa mji wa pwani wenye majumba ya mawe ya karne nyingi, mwaka 1863 ni mstari unaoacha mengi upande wa usalama. Kwa Tabora hali ni tofauti. Sehemu kubwa ya kinachoonekana mjini kwa macho ni cha baadaye. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kituo cha treni, boma la Wajerumani, na Shule ya Wavulana ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1922, vyote vimekuja baada ya mstari huo. Usalama wa majengo ya namna hiyo hutegemea tangazo, au hutegemea busara ya anayeyatumia.

Lakini hata palipo na tangazo, sheria hufanya kazi moja tu: hukataza. Humkataza mwenye jengo kubomoa, humkataza mchuuzi kung'oa mlango, humkataza mkandarasi kuchimba. Sheria haipandi juu ya paa mwezi Oktoba kuziba nyufa. Na katika mkoa ambao mvua zake hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na ambao nyumba zake za kale zilijengwa kwa udongo, adui mkubwa wa urithi si tingatinga. Ni maji.

TEMBE NA UCHAKAVU

Mfano ulio wazi ni tembe la Kwihara, kilometa chache nje ya mji. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, wakati wa vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na mwezi Agosti mwaka huo, sehemu ya mji ilipochomwa moto, alijizatiti humo na watu wake. Mwezi Februari 1872 alirudi hapo pamoja na Livingstone baada ya kumkuta Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi na mahitaji hadi tarehe 25 Agosti, ndipo alipoanza safari ambayo hakurudi tena akiwa hai. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliupitisha mwili wake Unyanyembe wakiupeleka pwani.

Historia hiyo ndiyo inayoonyeshwa katika makumbusho ya Kwihara. Jambo ambalo mgeni huelezwa kwa haraka ni kwamba tembe analoliona lilijengwa upya mwaka 1957. Si aibu kusema hivyo. Ni somo la uhasibu.

Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo, yenye vyumba vinavyouzunguka ua, na paa bapa la boriti na fito lililoshindiliwa udongo juu yake. Wakati wa jua ndani huwa baridi. Lakini paa la namna hiyo hudai kodi yake kila mwaka. Kabla ya mvua lazima nyufa zizibwe, udongo uongezwe, na miteremko ya maji isafishwe. Msimu mmoja ukipita bila kazi hiyo, maji huingia kwenye boriti. Misimu miwili mitatu ikipita, mchwa hukamilisha kilichoanzwa na maji. Baada ya hapo ukuta hubaki bila kofia, na ukuta wa udongo usio na kofia hurudi ulikotoka.

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba matengenezo ya kila mwaka ya nyumba kama hiyo yanagharimu shilingi milioni 2. Anayeahirisha kwa miaka 10 hudhani ameokoa milioni 20. Hesabu hiyo ni ya uongo. Mwaka wa 10 hatakiwi kununua udongo wa miaka 10, bali boriti mpya, ukuta mpya, na mafundi wa kujenga upya jengo zima, na hata akilijenga, kilichokuwa cha kale hakipo tena. Katika vitabu vya hesabu hii huitwa uchakavu usiotengewa fungu. Wazee waliisema zamani kwa maneno machache: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wala haya si maradhi ya Tabora peke yake. Boma la Wajerumani la Bagamoyo, katika mji ambao hifadhi yake ilikuwa imekwisha kutangazwa, lilibomoka sehemu kutokana na mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Zanzibar, Mji Mkongwe uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na unapokea watalii ambao Tabora inawaota tu. Pamoja na hayo yote, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 likaporomoka tena wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakafa. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote katika mwambao limefikia hapo, ni dhahiri kwamba hadhi peke yake si dawa. Ukarabati mkubwa unaokuja baada ya uzembe mrefu huwa ghali, na huwa hatari.

KINACHOBEBEKA KINA BEI

Hapa pana kitendawili cha soko ambacho Tabora inakifahamu vizuri.

Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, walitengeneza sarafu Tabora. Walitumia dhahabu ya Sekenke, na kazi ilifanyika katika karakana ya reli. Sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na herufi T, ilitolewa mwaka huo huo ambao mji uliangukia mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji, mwezi Septemba. Leo sarafu hiyo huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Kipande kimoja kidogo cha dhahabu kilichopigwa chapa Tabora kinaweza kulipia matengenezo ya paa la tembe kwa miaka kadhaa. Lakini hakuna hata senti ya minada hiyo inayofika Tabora.

Milango nayo ni hivyo hivyo. Mlango wa kale wenye nakshi una mnunuzi hata kabla mwenye nyumba hajafikiria kuuza. Nyumba uliyong'olewa haina mnunuzi. Kanuni iliyopo sokoni, kwa bahati mbaya, ni hii: kinachobebeka kina bei, kisichobebeka kinaachiwa mvua. Pembe zilibebwa, watu walibebwa, milango ikabebwa, sarafu zikabebwa. Njia, kuta, visima na miembe mikubwa iliyowapa misafara kivuli vikabaki, navyo havina bei kwa kuwa havifiki sokoni.

Tiba ya bidhaa isiyofika sokoni ni moja tu: soko liifuate. Mnunuzi wa jengo la kale ni mtu anayekuja, akalala, akala, akaongozwa, akalipa kiingilio. Fedha yake ndiyo bei ya jengo. Ikiishia mahali pengine pasipo paa la jengo hilo, basi jengo limeuzwa bila mwenyewe kulipwa.

YANAYOSIMAMA NI YANAYOFANYA KAZI

Mtu akizunguka Tabora akiangalia majengo ya zamani yaliyo na afya, ataona jambo moja linalojirudia. Kituo cha reli kimesimama kwa sababu abiria wanakata tiketi. Shule ya Wavulana imesimama kwa sababu wanafunzi wapo, na vizazi vya waliosoma hapo, akiwamo Mwalimu Nyerere, vimeipa jina. Hoteli ya enzi za Wajerumani iliyoitwa Railway Hotel, sasa Orion Tabora Hotel, inapigwa rangi kwa sababu mgeni akikuta chumba kinavuja hatarudi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloishi kwa katazo. Yote yanaishi kwa matumizi.

Makumbusho kama ya Kwihara hayana matumizi mengine zaidi ya kutazamwa. Kwa hiyo watazamaji ndio mtaji wake, na kiingilio chao ndicho kinachopaswa kununua udongo na boriti. Pale ambapo makusanyo yote ya lango hupelekwa mfuko mkuu na kusubiri yarudi kwa mgao, msimu wa mvua haungoji. Hapa ndipo mabadiliko ya kwanza yanapohitajika: sehemu maalumu ya mapato ya kila eneo la kale ibaki hapo hapo kwa ajili ya matengenezo ya kila mwaka, na hesabu zake zibandikwe mlangoni ambapo mlinzi, mgeni na mwanakijiji wote watazisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili linamhusu mwenye nyumba binafsi. Mjini Tabora, kama ilivyo Bagamoyo na Ujiji, baadhi ya nyumba za kale ni za watu, tena mara nyingi ni za warithi wengi wasioelewana. Kiwanja kiko mahali pazuri, jirani amejenga nyumba ya wageni ya ghorofa, na mrithi ameambiwa asibomoe wala asiuze mlango. Amepewa gharama bila kupewa faida. Mtu wa namna hiyo hatabomoa nyumba, ataiacha tu. Ataacha kuziba paa, na baada ya misimu mitano nyumba itakuwa imejibomoa yenyewe bila mtu kuvunja sheria. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ziutumie kumpunguzia tozo mwenye nyumba ya kale anayeitunza, kumwezesha kupata udongo, miti na ushauri wa mafundi, na kumruhusu kuigeuza chumba cha wageni, duka au mgahawa bila kuiharibu sura. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inazitambua jamii na sekta binafsi kuwa washirika. Ushirika usio na kitu mkononi ni maneno.

La tatu ni kuiuza njia kama bidhaa moja. Kwa sasa mgeni anaweza kufika Bagamoyo asiambiwe habari za Kwihara, au akafika Ujiji bila kujua kwamba kati yake na bahari vipo vituo vingi vya mwendo wa siku moja moja. Msafara haukuwa Bagamoyo na Ujiji tu. Ulikuwa ni safari, na safari hufanywa na vituo. Ndiyo maana kuachwa kwa mahali kama Kigwa si jambo dogo. Kigwa haina jumba la kuonyesha. Ina jina lililomo katika vitabu vya wasafiri, ina barabara, na iko karibu na Tabora. Kibao cha maelezo, mahali pa kivuli, vijana wawili watatu waliofundishwa historia ya kijiji chao, asali ya miombo katika chupa safi na chakula cha moto: hivyo si mradi wa mabilioni, lakini vinaweza kumfanya dereva wa watalii akanyage breki.

PINGAMIZI TATU

Wapo wanaosema kwamba wageni ni wachache, na kwamba Tabora si Zanzibar. Ni kweli. Lakini matengenezo ya tembe si ya hoteli ya ufukweni. Jengo dogo lahitaji mapato madogo, mradi yafike kwa wakati. Aidha, mgeni si lazima atoke Ulaya. Wanafunzi wa shule za mkoa, wasafiri wa reli, maofisa wanaokuja mikutanoni na wafanyabiashara wanaolala mjini wakisubiri malipo ya mazao wote ni soko lililopo tayari, ambalo halijaulizwa.

Wapo wanaosema urithi wa taifa ni jukumu la serikali, na kwamba kuuchanganya na biashara ni kuuvunjia heshima, hasa njia iliyojaa machozi ya watumwa. Hoja hiyo ni nzito na haistahili kukejeliwa. Biashara ya watu isigeuzwe maonyesho ya kufurahisha, wala Kwihara isiwe nyumba ya kumsifu Livingstone peke yake huku wapagazi, Isike wa Unyanyembe aliyekufa mwaka 1893 akiilinda ngome yake dhidi ya Wajerumani, na wasio na majina wakisahauliwa. Lakini kuacha ukuta uanguke si heshima pia. Kumbukumbu isiyo na mahali hubaki katika vitabu, na vitabu vingi vya njia hii viliandikwa na wageni.

Wapo pia wanaosema watu wa vijijini wana shida za haraka zaidi: maji, mbegu, bei ya tumbaku. Hilo nalo ni kweli. Ndiyo sababu fundi wa kushindilia paa atoke kijijini hapo hapo na alipwe kila Oktoba. Kazi inayojirudia kila mwaka ni ajira. Ukarabati mkubwa wa mara moja katika miaka 30 ni zabuni, na zabuni mara nyingi huchukuliwa na mtu wa mbali.

Reli mpya ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, imepangwa kufika Tabora. Itakapofika, ardhi itapanda bei na wageni watafika kwa saa chache. Mji utakuwa na miaka michache ya kuamua iwapo abiria hao watashuka kuona kitu au kubadilisha treni tu. Uamuzi huo hautafanyika siku ya uzinduzi. Unafanyika sasa, kila inapofika Oktoba, pale ambapo mtu fulani ama anapanda juu ya paa na ndoo ya udongo, au hapandi.

Na Kigwa, ambayo imeona misafara, reli na lami vikipita kila kimoja kwa zamu yake, itabaki inasubiri kuona kama safari hii yupo atakayesimama.